Keki za kastadi na keki ya chai nyumbani, oveni uwe nayo au usiwe nayo

Wengi wakiuliza mbona keki zao zinatoka ngumu wanadhani shida ni oveni, wengine wanasema tu "mimi sina mkono wa keki", lakini mara nyingi shida iko kwenye unga. Ule unga wa ngano tunaonunua dukani hapa Uganda ni unga wa chapati, mandazi na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), yani una nguvu, unavutika, ndo maana chapati haichaniki ukiisukuma. Kwa keki hiyo nguvu haitakiwi kabisa. Unga laini wa keki ukiwa Kampala unaweza kuupata supamaketi kubwa kubwa, lakini mtu wa Bombo au Arua au Busia atautafuta wapi kila wiki, na bei yake je? Kastadi ndo inamaliza hiyo shida, na ndo sababu mimi naiweka hata kwenye keki ambayo siiiti ya kastadi.

Kastadi ya kopo ni wanga wa mahindi, rangi ya njano na harufu ya vanila, basi. Yai halimo. Jamaa aliyeitengeneza, Alfred Bird wa Birmingham kule Uingereza mwaka 1837, aliitengeneza hivyo kwa sababu mke wake alikuwa hawezi kula mayai. Kwa hiyo usione ile njano ukadhani kuna yai ndani alafu ukapunguza mayai yako, utajuta. Kazi ya ule wanga ni moja, unapunguza nguvu ya unga, keki inakuwa laini inavunjika vizuri mdomoni. Ila usizidishe, vijiko vikubwa vinne kwa kikombe cha unga ndo mwisho, ukipita hapo keki inakuwa kavu na inakukwama kooni mpaka uombe maji.

Vipimo kwanza, maana neno kikombe kila nyumba lina maana yake. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze, yagawe yale maji sawasawa kwenye vikombe viwili vinavyofanana, pale maji yalipofika weka alama kwa maka au kwa msumari. Hiyo ni mililita 250 na ndo kikombe ninachosema hapa kote. Unga uuchote kwa kijiko uumwage ndani ya kikombe alafu usawazishe juu na kisu, usiushindilie, ukishindilia utapata unga mwingi kuliko unaotakiwa na hapo kastadi haitakuokoa.

Keki ndogo za kastadi, zile za kwenye vikaratasi, zinatoka kama 20 hivi na zaidi kidogo kulingana na vikopo vyako. Unahitaji majarini gramu 250, sukari kikombe 1, mayai 4, unga kikombe 1 na robo tatu, kastadi vijiko vikubwa 6 vya kusawazisha, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, chumvi kidogo ya kubana kwa vidole, maziwa kama theluthi moja ya kikombe, na vanila. Majarini angalia kopo limeandikwa ni ya kuokea, maana zile laini za kupaka mkate nyingine zina maji mengi na keki inashuka. Mayai na majarini vitoke kwenye friji mapema vikae mezani, baridi ndo inafanya mchanganyiko ukatike ukawa na madonge madonge.

Sukari yetu ina punje kubwa, haiyeyuki haraka, ikibaki nzima utaona madoa ya kahawia juu ya keki. Isage kidogo kwenye blenda au itwange kwenye kinu, sio mpaka iwe vumbi, ivunjike tu. Alafu ipige pamoja na majarini. Hapa usiharakishe! Kwa mashine dakika 5 mpaka 7, kwa mwiko ni robo saa na mkono utalia, wape watoto wapokezane. Unatafuta rangi ibadilike, ile njano ipauke iwe karibu na nyeupe, na ukichota kwa mwiko uone imekuwa nyepesi imejaa hewa, ukisugua kati ya vidole punje za sukari ziwe karibu hazisikiki. Hewa hiyo ndo inainua keki, bekingi pauda inasaidia tu. Ukiruka hapa hakuna kitu huko mbele kitakachorekebisha.

Mayai ingiza moja moja, kila moja lipige mpaka lipotee kabla ya kuweka lingine, na kila yai livunje kwanza kwenye bakuli la pembeni, maana yai bovu moja likiingia umepoteza kila kitu banange. Ukiona mchanganyiko unaanza kukatika tupia kijiko kikubwa cha unga uendelee. Vanila weka hapa. Na kwa vile vanila inalimwa hapa hapa kwetu, Mukono, Kasese, Bundibugyo, ukipata maganda yake yaliyokaushwa pasua moja katikati ulifukie kwenye mkebe wa sukari, wiki mbili tatu ile sukari inanukia kuliko chupa yoyote ya dukani. Asiyependa vanila aweke iliki au ganda la limau lililoparwa, muhimu ni harufu ya yai ife.

Unga, kastadi, bekingi pauda na chumvi vichekeche pamoja, chekecha mara mbili ili kastadi isambae, isiposambaa utapata vidoa vya njano ndani. Mimina nusu ya unga, maziwa, alafu unga uliobaki, na sasa weka mashine pembeni, tumia mwiko, kunja taratibu kutoka chini kuja juu. Ukiona unga mkavu umeisha, acha. Kila mzunguko wa ziada unaamsha ile nguvu ya chapati tuliyokuwa tunaikimbia. Ukiinua mwiko mchanganyiko udondoke kwa uzito, usimiminike. Jaza vikaratasi theluthi mbili tu.

Oveni iwe digrii 180, imeshapata moto kabla, dakika 18 mpaka 20. Dakika 12 za kwanza usifungue mlango hata kama harufu imekuita. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu toa.

Sasa sigiri, yani jiko la makaa. Wenye sigiri msijione mko nyuma, keki ya sigiri ikipata moto wake sawa mtu hawezi kujua haikutoka kwenye oveni. Chukua sufuria kubwa nzito, ile ya zamani ya pilau, weka mchanga mkavu uliochekechwa vidole viwili kutoka chini, juu yake mawe matatu madogo au kikopo kilichogeuzwa ili chombo cha keki kisiguse mchanga. Usiweke maji, tunaoka hatuchemshi. Sufuria zile zenye rangi nyeusi ya kuzuia kushika usizitumie, hazitakiwi kukaa motoni zikiwa kavu. Funika, acha ipate moto dakika 15, kisha nyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati uingize. Ukigeuka kahawia ndani ya dakika moja moto ni mkali mno, toa makaa, ukichukua kama dakika tano hivi uko sawa. Keki ikishaingia gawa makaa, theluthi moja ibaki chini na theluthi mbili zipande juu ya mfuniko. Watu wanafanya kinyume, chini kunaungua na juu kumepauka. Keki ndogo zitachukua kama nusu saa. Na tafadhali fanyia nje au kwenye baraza, makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na inaua watu kweli.

Keki ya chai, ile ya kwenye kopo refu la mkate inayokatwa slaisi, ni rahisi zaidi na haitaki majarini mengi. Unga vikombe 2, kastadi vijiko vikubwa 3, majarini gramu 150, sukari robo tatu ya kikombe, mayai 3, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, maziwa nusu kikombe isiyojaa sana, kungumanga ya kukwaruza na ganda la chungwa. Njia ni ile ile. Ukiwa na bongo, yani maziwa ya mgando, nyumbani tumia badala ya maziwa, keki inakuwa na unyevu mzuri ajabu, ila hapo bekingi pauda iwe kijiko 1 na uongeze nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea, maana uchachu wa bongo unaitaka soda. Zabibu kavu zipake unga kwanza zisizame. Kopo lipake mafuta, weka karatasi chini, mchanganyiko ukishaingia piga mstari katikati kwa kisu chenye mafuta ili ipasukie pale unapotaka wewe. Digrii 170, dakika 50 mpaka 55, kwa sigiri ni saa nzima na kitu, kwa hiyo uwe na makaa mengine yamekolea pembeni.

Ikikataa, angalia hivi. Imebonyea katikati ni bekingi pauda nyingi, au ulifungua mapema, au haijaiva. Imepanda mlima na kupasuka vibaya, moto mkali. Ina vishimo virefu ndani na inavutika, umekoroga sana. Walioko Kabale huko juu karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi na keki inapanda haraka alafu inaanguka, punguzeni bekingi pauda robo na ongezeni kijiko kimoja viwili vya maziwa. Sisi wa Kampala kwenye mita kama 1,200 vipimo hivi vinatosha.

Kuna wanaopenda kujaza kastadi yenyewe ndani ya zile keki ndogo. Sawa, pika nzito, vijiko vikubwa 2 kwa kikombe cha maziwa, ipoe kabisa, toboa juu uijaze. Ila hizo ziliwe siku hiyo hiyo au zikae kwenye friji, usizipeleke kantini ya shule zikae juani.

Zisizojazwa ziache zipoe kabisa juu ya waya ndo uziingize kwenye mkebe. Ukizifunga kwenye kaveera, yani mfuko wa plastiki, zikiwa na joto zinatoa jasho na kesho kutwa utaona ukungu, na mteja akishaona ukungu mara moja hatarudi hata umpunguzie bei. Kwenye mkebe, keki ndogo zinakaa siku tatu nne. Keki ya chai mimi siikati siku ile ile, kesho yake slaisi zinatoka safi bila kumeguka na harufu ya chungwa imeshaingia vizuri, na ikianza kukauka slaisi ziweke kwenye pani kavu dakika moja kila upande, paka siagi zikiwa moto.