Kabla ya kutoa maoni kuhusu mpango wa kemikali sumu zinazodumu

Serikali inapotangaza rasimu ya mpango wa kupunguza kemikali sumu zinazodumu, muda wa maoni huwa mfupi na kitabu chenyewe huwa kinene. Usianzie ukurasa wa kwanza; kwenye dibaji hakuna la kubishania. Fungua kwanza orodha ya kilichopo nchini: transfoma ngapi zina mafuta yenye PCB (kemikali sumu zilizotumika kwenye vifaa vya umeme), viuatilifu vilivyopigwa marufuku vimehifadhiwa wapi, povu la kuzimia moto lenye PFOS, nayo kemikali sumu inayodumu, limebaki kwenye maghala gani. Kama orodha imejaa makadirio, uliza ni vifaa vingapi vilivyopimwa kwelikweli. Hapo ndipo mipango mingi hulegea, maana huwezi kuondoa usichokihesabu.

Kisha weka tarehe za rasimu kando ya tarehe za Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali hizi, uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2004. Ulianza na kemikali 12, na nyingine zimekuwa zikiongezwa: PFOS mwaka 2009, kiuatilifu cha endosulfani 2011, PFOA (ya jamii moja na PFOS) 2019. Rasimu inayotaja zile 12 tu imenakiliwa kutoka kabati la zamani. Kwa PCB, mkataba ulilenga matumizi yake kwenye vifaa yakome ifikapo 2025, na taka zake zishughulikiwe kwa usalama ifikapo 2028. Tazama pia ruhusa maalumu za kuendelea kutumia kemikali fulani ambazo nchi imejiombea. Kwa kawaida hukoma baada ya miaka 5, isipokuwa ziongezwe. Kiuatilifu cha DDT ni habari nyingine: bado inaruhusiwa kudhibiti mbu wa malaria, kwa hiyo kudai ifutwe kesho bila kutaja mbadala ni kujidhoofisha mwenyewe.

Dioksini, sumu nyingine zilizomo kwenye mkataba, hazitengenezwi na mtu kwa makusudi. Huzaliwa taka zinapochomwa ovyo, hasa penye plastiki za PVC. Kama unaishi karibu na jalala linalofuka moshi, andika ni siku zipi huwaka, upepo huelekea wapi, nani wanaishi upande huo. Mtaalamu aliyeko ofisini hana habari hizo.

Ukiambiwa takwimu fulani ni siri, kumbuka Kifungu cha 9 cha mkataba huo: taarifa zinazohusu afya na usalama wa watu na mazingira hazihesabiwi kuwa siri. Kifungu cha 7 nacho kinataka wadau washauriwe, na kinataja waziwazi vikundi vya wanawake na vinavyoshughulikia afya ya watoto. Haikuwa hisani. Nyingi ya kemikali hizi hujikusanya kwenye mafuta ya mwili na hupita kwenye maziwa ya mama, ndiyo maana maziwa hayo hupimwa katika ufuatiliaji wa dunia nzima.

Katika kuandika, kila hoja itaje ukurasa, sentensi unayotaka ibadilishwe, na maneno unayopendekeza. Tia tarehe, baki na nakala, na uombe kwa maandishi jedwali linaloonyesha maoni yapi yalikubaliwa, yapi yalikataliwa na kwa nini.