Jinsi ya Kufuatilia Mhusika Msaidizi Kutoka Kwenye Manga Hadi Kwenye Tamthilia

Manga, yaani hadithi ya Kijapani ya michoro, inapogeuzwa kuwa tamthilia inayochezwa na watu, macho ya mashabiki humwendea kwanza mhusika mkuu: kama nywele zinafanana, kama kofia imekaa inavyotakiwa, kama mwigizaji anacheka kama anavyocheka mhusika kwenye kurasa. Mimi ni mwandishi wa miswada, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzigeuza hadithi zilizochapishwa ziwe hadithi za kutazamwa. Kwa uzoefu wangu, mhusika mkuu ndiye anayeguswa kidogo kuliko wote, kwa kuwa kila mtu anamlinda, ilhali maamuzi mazito ya waandishi hufanyika kwa wahusika wasaidizi, mahali ambapo watazamaji wengi hawaangalii. Anayetaka kuielewa tamthilia, au anayetaka kuandika ya kwake, na aanzie hapo.

Mfano nitakaoutumia ni One Piece, hadithi ya kijana Luffy na wenzake wanaosafiri baharini kama maharamia. Manga hii ya Eiichiro Oda ilianza kuchapishwa mwezi Julai 1997 katika jarida la Weekly Shonen Jump, na msimu wa kwanza wa tamthilia yake ulitoka Netflix tarehe 31 Agosti 2023, Oda mwenyewe akiwa miongoni mwa wazalishaji wakuu. Nimeichagua kwa sababu mabadiliko yake yanaonekana waziwazi, na mengi yana sababu zinazoweza kuelezwa. Nitafichua matukio ya hadithi bila kujizuia, kwa hiyo ambaye hajaitazama na anapenda kushtukizwa aitazame kwanza.

Hatua ya 1: Pima nafasi kabla ya kumpima mtu

Msimu wa kwanza una sehemu 8, na kwa ujumla unafuata hadithi ya takriban sura 95 za mwanzo za manga. Anime, yaani toleo la katuni, iliyoanza mwaka 1999 ilitumia sehemu 44 hivi kufika mahali hapohapo. Ziandike namba hizi juu ya ukurasa wako wa kwanza, kwa sababu bila hizo utamlaumu mwandishi kwa kumfuta mhusika ambaye hakuwa na mahali pa kumweka. Manga ya kila wiki inaweza kumtambulisha mtu kwa kisanduku kimoja cha picha, ikamwacha, kisha ikamrudia baada ya mwaka, na msomaji akafungua toleo la nyuma kujikumbusha. Mtazamaji hafungui kurasa za nyuma kwa namna hiyo, hivyo kila uso mpya unaomwonyesha unamdai dakika za kuzoewa.

Hatua ya 2: Eleza kazi ya mhusika kwa sentensi moja

Sentensi hiyo isitaje sura yake, nguvu zake wala tabia yake, bali kile ambacho hadithi ingekikosa kama asingekuwepo. Mtazame Jango, mwenye kupumbaza watu kwa kuwabembezea bangili ya chuma mbele ya macho. Shabiki atakwambia kwamba Jango ni mchekeshaji mwenye miwani ya ajabu, na ni kweli, lakini kazi yake ni nyingine: yeye ndiye chombo ambacho haramia Kapteni Kuro anakusudia kukitumia ili binti tajiri anayeitwa Kaya aandike wosia wa kumwachia mali zake, kisha auawe. Haramia Don Krieg naye, pamoja na silaha zake zote, kazi yake ni kuuzingira mgahawa wa Baratie ulio juu ya maji na kumlazimisha mpishi Sanji aonyeshe kipi anakithamini kuliko uhai wake.

Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, rudi kwenye manga usome tena, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinaitegemea.

Hatua ya 3: Mtafute mrithi wa kazi iliyoachwa wazi

Mhusika anaweza kuondoka, lakini kazi yake ikiondoka pamoja naye hadithi inapwaya. Kwa hiyo unapogundua kwamba mtu hayupo, usiishie kusikitika. Uliza ni nani sasa anayeifanya kazi yake.

Jango hayumo katika msimu wa kwanza. Kazi yake haikurithiwa na mtu bali na sumu. Katika manga, Kaya ni mgonjwa kwa huzuni ya kufiwa na wazazi wake, na Kuro, aliyejifanya mtumishi mwaminifu kwa miaka 3, anasubiri tu siku ya kumwita mpumbazaji wake. Katika tamthilia, Kuro ndiye anayemfanya Kaya augue kwa kumlisha sumu kidogo kidogo, huku wafuasi wake wa zamani, Buchi na Sham, wakiwa wameingizwa ndani ya nyumba kama watumishi. Hapo mtu mmoja amefutwa na mtu mwingine amebadilika kwa kina: Kaya aliyekuwa mgonjwa wa huzuni amekuwa mgonjwa wa hila, na chumba chake cha kulala kimekuwa mahali pa uhalifu tangu mwanzo. Mapambano yaliyofanyika kwenye mteremko wa pwani mchana kweupe yamehamia ndani ya jumba, usiku, kwenye korido nyembamba. Naliona badiliko hili kuwa la kistadi, maana limeokoa muda, limeokoa gharama ya umati wa maharamia ufukweni, na limempa Kuro uovu ambao mtazamaji anauona kwa macho badala ya kusimuliwa.

Krieg anaonekana kwa muda mfupi tu, na kundi lake linaangamizwa na Mihawk, mpiga upanga hodari kuliko wote. Kazi ya kuutishia mgahawa inahamia kwa haramia Arlong, ambaye kwenye manga hatumkuti hadi tufike makao yake. Angalia faida ya urithi huo: Arlong akifika Baratie, anamkuta Nami, mmoja wa wenzake Luffy, pale pale, na Nami anaondoka naye mbele ya wenzake. Kwenye manga Nami anaiba meli na kutoweka wakati wengine wakiwa na shughuli zao, hivyo tunaujua usaliti wake kwa kukuta nafasi tupu. Kwenye tamthilia tunauona kwenye nyuso za watu waliokuwa wakimwamini.

Hatua ya 4: Tia alama mahali anapoingia, si mahali anapong'aa

Chora mstari wa hadithi ya manga na mwingine wa tamthilia, kisha uweke nukta pale kila mhusika anapoonekana kwa mara ya kwanza. Nukta iliyosogea mbele karibu kila mara ina maelezo ya kimuundo.

Garp ndiye mfano bora ninaoujua. Katika manga, safari ya vijana wawili, Koby na Helmeppo, ndani ya Jeshi la Majini ilisimuliwa pembeni, kwenye picha za kurasa za kufungulia sura, kuanzia sura ya 83 hadi ya 119. Garp anatokea humo kama ofisa mzee anayewachukua vijana hawa na kuwafundisha. Kwamba yeye ni babu yake Luffy, Oda alilificha hadi baada ya sura 400. Tamthilia imeyapindua hayo yote: Garp yupo katika tukio la kwanza kabisa, akisimamia kuuawa kwa Gold Roger, mfalme wa maharamia, na kufikia katikati ya msimu undugu wake na Luffy umekwisha kujulikana.

Sababu yake naiona hivi. Sura 95 za mwanzo zina maadui wanaofuatana, kila kisiwa na wa kwake, na hakuna anayewafuata mashujaa kutoka kisiwa hadi kisiwa. Msomaji wa kila wiki haoni kasoro hapo, kwa kuwa wiki inampa pumziko. Mtazamaji anayezimaliza sehemu 8 kwa siku mbili anahitaji mkono mmoja unaozishika zote pamoja, na Garp akiwa nyuma ya Luffy kwa meli ya kivita ndiye mkono huo. Koby, ambaye kwenye manga anaagwa mapema na kubaki kuwa kumbukumbu njema, sasa anabaki kwenye kioo hadi mwisho wa msimu, akivutwa huku na wajibu wake wa kijeshi na huku na urafiki. Gharama yake ni kubwa, nayo isemwe: siri iliyotunzwa kwa miaka mingi imetumika katika msimu wa kwanza, na haitaweza kutumika tena. Hata hivyo, ningekuwa kwenye meza ile ya waandishi ningeipigia kura.

Njia hiyohiyo ilitumika katika filamu ya Rurouni Kenshin ya mwaka 2012, ambamo Saito Hajime, anayechelewa kuingia kwenye manga, yupo tangu mwanzo wa filamu.

Hatua ya 5: Uliza nani anajua nini

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa sababu mhusika anaweza kubaki na jina lake, mavazi yake na kazi yake, huku akiwa amebadilishwa kabisa kwa kumnyima au kumpa habari moja.

Nojiko ni dada wa kulelewa pamoja na Nami. Wakati Arlong alipomuua mama aliyewalea, Nami akiwa na umri wa miaka 10, mtoto huyo alikubali kuwachorea maharamia ramani na kukusanya beri milioni 100 (beri ni fedha ya ulimwengu wa hadithi hii) ili akikomboe kijiji. Katika manga Nojiko anajua yote hayo. Wanakijiji pia wanajua. Kwa miaka 8 wanajifanya wanamchukia Nami kama msaliti ili asijione amefungwa na matumaini yao, na siku akichoka aweze kukimbia bila kuangalia nyuma. Katika tamthilia Nojiko hajui. Anamwona Nami akiwa upande wa wauaji wa mama yao, anamchukia kwa dhati, na anaujua ukweli kwa kuchelewa.

Andika matokeo katika safu mbili. Upande wa faida, kila mkutano wa dada hawa una moto, na mwigizaji anayecheza Nojiko, Chioma Umeala, anapata hasira, mashaka na majuto ya kuchezea, mambo ambayo msimulizi mtulivu wa kwenye manga hakuwa nayo. Kwenye ukurasa Nojiko angeweza kukaa na kuwaeleza mashujaa historia ya Nami kwa sura kadhaa. Kwenye kioo, mtu anayeeleza kwa muda mrefu huchosha, na mtu anayeshutumu huvuta macho. Upande wa hasara, upendo wa kijiji kizima kilichokubali kuonekana kikatili kwa ajili ya mtoto mmoja umetoweka. Kwangu mimi huo ni mojawapo ya uvumbuzi mzuri kabisa wa Oda katika sura zile za mwanzo, na nafasi yake imechukuliwa na kutoelewana kwa dada wawili, jambo tulilokwisha kuliona katika tamthilia nyingi. Naelewa kwa nini lilifanyika, na bado nasema lilichukua kingi kuliko kilichorudishwa.

Hatua ya 6: Zingatia mwigizaji na mahali pa kupigia picha

Tamthilia hii ilipigwa picha Cape Town, na wasaidizi wengi waliajiriwa kutoka Afrika Kusini, wakiwemo Celeste Loots anayecheza Kaya na Aidan Scott anayecheza Helmeppo. Ndivyo ilivyo katika biashara hii: wahusika wakuu hutafutwa dunia nzima, wasaidizi hutafutwa karibu na studio. Mtu mwenye mwili halisi huleta uzito ambao mchoro hauna, na Helmeppo, aliyechorwa awali kama kijana wa kudharauliwa mwenye kidevu kirefu, anapata kwenye uso wa Scott aibu inayotufanya tumfuatilie.

Hatua ya 7: Mkague mhusika aliyebuniwa

Wakati mwingine tamthilia huongeza mtu asiyekuwepo. Katika filamu ya Death Note ya mwaka 2006 iliyoongozwa na Shusuke Kaneko, mhusika mkuu, Light, ana mpenzi anayeitwa Shiori, ambaye hayumo kwenye manga, na mwishoni mwa filamu hiyo anakufa kwa mpango wa Light mwenyewe. Manga ilituweka ndani ya kichwa cha Light kwa visanduku vya mawazo yake. Kamera haina njia nyepesi ya kufanya hivyo, kwa hiyo filamu ilitengeneza mtu wa karibu ambaye kifo chake kinatuonyesha mahali Light alipofika. Mhusika aliyebuniwa muulize swali la Hatua ya 2 tu.

Hatua ya 8: Andika pia kisichobadilika

Orodha ya mabadiliko pekee inapotosha. Zeff, mzee aliyemlea Sanji, alikwama naye kwenye mwamba bila chakula. Katika manga Zeff anamwachia mtoto chakula chote kilichopo na kuula mguu wake mwenyewe. Anime ililainisha tukio hilo, ikaufanya mguu upotee Zeff alipokuwa akimwokoa Sanji baharini. Tamthilia imerudi kwenye manga bila kulainisha chochote. Pale waandishi waliokata na kuhamisha mengi wanapokataa kugusa kitu, wanakuonyesha wanachoamini kuwa nguzo ya nyumba, nayo ni habari kubwa kuliko ukataji wowote.

Hatua ya 9: Toa kumbukumbu ya ukurasa mmoja

Kwa kila mhusika andika mistari mitano: kazi yake, mahali anapoingia katika kila toleo, anachokijua, aliyerithi au aliyerithiwa, na faida pamoja na gharama. Ya Merry, katika daftari langu, inasomeka hivi. Kazi: kuwa uso wa wema katika nyumba ya Kaya na chanzo cha meli ya Luffy na wenzake. Kuingia: mahali pamoja katika matoleo yote mawili. Anachokijua: katika tamthilia anashughulikia mambo ya kiwanda cha meli ambacho Kaya anakaribia kukirithi, na ujuzi huo unamweka katika hatari. Urithi: katika manga anajeruhiwa na Kuro lakini anapona, naye ndiye aliyeibuni meli, katika tamthilia Kuro anamuua, na Kaya anaitoa meli peke yake. Faida: Kuro anatisha kweli, na meli yenye kichwa cha kondoo inaondoka na jina la mtu aliyekufa. Gharama: mbunifu wa meli hayupo tena kuwakabidhi mabaharia usukani na kuwaeleza inavyoendeshwa.