Taa nyekundu hupitwa kwenye njano: mwongozo kwa dereva wa treni

Nimeendesha treni za mizigo na za abiria kwa miaka mingi, na siku hizi kazi yangu ni kukaa kiti cha pili nikimfundisha kijana aliyeshika breki. Swali ninaloulizwa na kila kundi jipya ni moja: dereva mwenye macho mazima na cheti mkononi anawezaje kuipita taa nyekundu inayowaka mbele yake? Ninavyoona mimi, mara nyingi anapofika kwenye nyekundu mambo yameshaharibika. Ameipita tayari kwenye taa ya njano iliyotangulia, ile ya kumwonya, pale alipoiona, akaizoea, akili ikaenda kwingine.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla nyekundu haijaonekana. Kanuni za shirika lako ndizo zinazotangulia. Haya yangu ni ya kuzijazia nyama.

Hatua ya 1: Ijue breki ya treni ya leo

Treni ya jana si ya leo. Hata kama kichwa cha treni ni kilekile, mabehewa yamebadilika, mzigo umebadilika, na reli nayo imebadilika. Breki ya upepo hushika pale shinikizo linaposhuka kwenye bomba linalopita chini ya mabehewa yote, bomba ambalo kwa kawaida hujazwa hadi baa 5. Ukivuta breki, behewa la kwanza linasikia mapema, la mwisho linasikia baada ya sekunde kadhaa. Treni ikiwa ndefu, sekunde hizo ni mita nyingi.

Usiishie kwenye jaribio la breki la stesheni. Ukishatoka na kushika mwendo, mahali pa tambarare ambapo hakuna ishara inayokudai kusimama, gusa breki kidogo usikilize. Inashika upesi? Mabehewa yanakusukuma kutoka nyuma? Hesabu sekunde mpaka mshale wa mwendo uanze kushuka, na hicho kiwe kipimo chako cha safari nzima.

Hesabu nyingine ya kubeba kichwani: kwa kilomita 80 kwa saa unamaliza mita 22 kila sekunde. Treni ya abiria yenye breki nzuri, kwa mwendo huo, hutaka karibu nusu kilomita ili isimame bila kuwarusha watu vitini. Ya mizigo iliyoshiba inaweza kutaka kilomita nzima na zaidi. Gurudumu ni chuma, reli ni chuma, na pale vinapogusana ni padogo kama sarafu. Ndiyo maana naogopa manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi kuliko mvua kubwa. Mvua kubwa inaosha reli, lakini manyunyu yanachanganya vumbi na mafuta yakawa utelezi.

Hatua ya 2: Simu izimwe, iingie kwenye begi

Tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth, California, treni ya abiria ilipita taa nyekundu ikagongana uso kwa uso na treni ya mizigo. Watu 25 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba dereva alituma ujumbe wa simu sekunde 22 kabla ya mgongano. Piga zile mita 22 mara 22 ndipo utaelewa kwa nini hapa sina mjadala na mwanafunzi yeyote.

Hatua ya 3: Iambie njano kwa sauti

Hapa ndipo penye kazi, tukae kidogo.

Njano inakwambia kitu kimoja: ishara inayofuata jiandae kusimama. Shida ni kwamba dereva anaweza kupita njano nyingi kwa wiki, na mara nyingi akifika kwenye ishara inayofuata anaikuta imeshafunguliwa. Mwili unajifunza uongo kwamba njano maana yake ni "punguza kidogo, watakufungulia". Siku isipofunguliwa, umebakiwa na nusu ya umbali uliouhitaji.

Uingereza walitegemea kwa miaka mingi kifaa kiitwacho AWS. Dereva akikaribia taa ya kijani, kengele inalia. Akikaribia taa yoyote nyingine, honi inalia, naye abonyeze kitufe ndani ya sekunde chache la sivyo breki zinajifunga zenyewe. Angalia udhaifu wake: honi ya njano na honi ya nyekundu ni sauti ileile. Mkono ukizoea kubonyeza, unabonyeza hata kabla jicho halijasoma. Asubuhi ya tarehe 5 Oktoba 1999, treni iliyotoka Paddington, London, ilipita taa ya SN109 ikiwa nyekundu na kugongana na treni ya mwendokasi iliyokuwa ikija, karibu na Ladbroke Grove. Walikufa watu 31, madereva wote wawili wakiwemo. Honi zililia, na kitufe kilibonyezwa. Dereva wa treni iliyotoka Paddington alikuwa amehitimu wiki mbili tu kabla ya hapo.

Wajapani, tangu enzi za vichwa vya mvuke, wana desturi ya kunyoosha kidole kwenye ishara na kuitamka kwa sauti. Mgeni akiwaona anaweza kudhani ni mchezo. Mimi nimeichukua na kuiongezea swali, na hivi ndivyo tunavyofanya ndani ya kichwa cha treni, kijana akianza:

"Mzee, njano."

"Inasemaje?"

"Inayofuata ni nyekundu."

"Utasimama wapi?"

"Kabla ya taa, pale kwenye nguzo ya simu."

Swali la mwisho ndilo muhimu. Kijana akishataja kwa mdomo wake mahali atakaposimama, mkono wake unaanza kuelekea breki wenyewe. Ukiwa peke yako, jiulize na ujijibu kwa sauti. Kunyoosha kidole kunalazimisha jicho kuitafuta taa *yako* kati ya taa nyingi, na kutamka kunailazimisha akili kuisoma. Jambo hilo la taa yako kati ya nyingi si dogo: SN109 ilikuwa juu ya fremu moja na taa za njia nyingine, ilichelewa kuonekana vizuri kwa sababu ya vitu vilivyoikinga, na asubuhi ile jua lilikuwa chini, nyuma ya treni, likipiga moja kwa moja kwenye vioo vya taa. Jua la asubuhi na la jioni linaweza kufanya taa iliyozimika ionekane kama inawaka. Ukiwa na shaka na rangi, isome kuwa nyekundu.

Hatua ya 4: Punguza mapema, usiibembeleze

Chagua alama kabla ya kila ishara unayoijua kwenye njia yako: daraja, nguzo, mti. Mwendo uwe umeshuka kabisa ukifika hapo, hata kama unaiona taa kwa mbali. Wanafunzi wengi wanapenda kuachia breki taa ikiwa bado nyekundu, kwa matumaini kwamba itafunguka na treni isipoteze mwendo. Ninaelewa. Kumpandisha tena mlimani mnyama wa tani elfu moja ni kazi, na ratiba inakusubiri. Lakini kila ukiibembeleza hivyo unakopa umbali ambao siku moja hutaweza kuulipa. Endesha kana kwamba taa ile haitafunguka usiku kucha.

Kwenye reli ya SGR ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, mfumo wa ETCS humwonyesha dereva kwenye skrini mwendo anaoruhusiwa, na akizidi humfungia breki. Ni ulinzi mzuri sana. Anayeendesha reli za zamani hana hiyo skrini, ana macho, mkono na desturi. Hata mwenye mfumo asiugeuze kuwa dereva. Uingereza, baada ya kufunga vifaa vya TPWS vinavyosimamisha treni inayopita nyekundu, walikutana na tatizo jipya: dereva anafungiwa breki, anadhani mashine imekosea, anairudisha sawa na kuendelea na safari. Breki ikijifunga, jambo la kwanza kuamini ni kwamba wewe ndiye uliyekosea.

Hatua ya 5: Ukishasimama, usisahau kwa nini umesimama

Stesheni zina mtego wake. Treni imesimama, abiria wanapanda, gadi anapeperusha bendera ya kijani au anapuliza filimbi, na dereva anaondoka. Bendera ya gadi inasema milango iko tayari. Haisemi kwamba njia iko wazi. Paisley, Scotland, tarehe 16 Aprili 1979, treni iliondoka stesheni hivyohivyo taa ikiwa nyekundu, ikagongana na nyingine, watu 7 wakafa.

Waingereza wameweka kitufe mezani kwa dereva: akisimama kwenye nyekundu anakibonyeza, na treni haivuti mpaka akitoe. Kama kichwa chako hakina, tengeneza chako. Mimi hutoa kofia nikaitundika juu ya mkono wa kuongezea mwendo. Siwezi kuondoka bila kuishika, na nikiishika natazama taa.

Hatua ya 6: Ikitokea umeipita

Mimi iliwahi kunipata. Ulikuwa usiku, nina miaka mitatu kazini, naingia stesheni ambayo kila nilipoikaribia walinifungulia. Usiku huo kulikuwa na treni ya mizigo ya kupishana nasi, na taa haikufunguka. Nilivuta breki yote. Nakumbuka mlio wa magurudumu, harufu ya breki zinazoungua, na ile nyekundu ikipita pembeni ya dirisha langu taratibu, karibu kiasi cha kuona wadudu wanaozunguka kioo chake. Tulisimama urefu wa kichwa kimoja mbele yake. Msaidizi wangu alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, tukirudi nyuma polepole, nani atajua?"

Usirudi nyuma. Chini yako au nyuma yako panaweza kuwa na pointi (reli zinazosogezwa ili kuielekeza treni njia nyingine) zilizobadilishwa au ulizozivunja, na anayeongoza treni kutoka chumba cha ishara anapanga njia za wengine akiamini uko pale anapokuona. Kaa hapohapo na breki imefungwa.

Kisha piga redio mara moja, kabla hujatafakari aibu. Taja namba ya treni, namba ya ishara uliyoipita, mahali ulipo, na neno lililo muhimu kuliko yote: umeziba njia nyingine au hujaziba. Kama umeziba, au kama huna hakika, omba treni zote zisimamishwe, na kama kanuni zako zinakuagiza, msaidizi ashuke na taa nyekundu na baruti za reli, zile zinazolipuka gurudumu likizikanyaga ili kumwonya dereva, kwenda kuilinda njia hiyo.

Mikawashima, Tokyo, tarehe 3 Mei 1962, ndiyo inayonifanya nisisitize. Treni ya mizigo ilipita nyekundu, ikaacha reli na kuegemea njia ya jirani. Treni ya abiria ikaigonga. Mpaka hapo madhara hayakuwa makubwa. Abiria wakashuka, wakawa wanatembea relini gizani, na kwa karibu dakika 7 hakuna aliyezisimamisha treni za upande wa pili. Treni ya tatu ikaja kwa mwendo wake wa kawaida. Jumla walikufa watu 160. Baada ya hapo shirika la reli la Japani lilifunga vifaa vya kusimamisha treni kwenye njia zake zote, kazi iliyokamilika mwaka 1966.

Njia ikishalindwa, mwachie mwenzako kiti kama yupo anayeruhusiwa kuendesha. Mikono yako itatetemeka hata kama huioni ikitetemeka, na taa itakayofuata utaiona huku ukiiwaza iliyopita.

Hatua ya 7: Andika ripoti isemayo kitu

"Sikuiona taa" si ripoti. Andika uliiona kwa mara ya kwanza ukiwa wapi, mwendo ulikuwa kiasi gani, breki ulianza kuigusa mahali gani, ulitegemea nini na kwa nini. Andika ulilala saa ngapi. Andika jua, ukungu, majani, taa za dukani zilizo nyuma ya ishara. Ukiwa ni mkubwa unayeipokea ripoti hiyo, usianze na adhabu, anza kwa kwenda kusimama pale dereva alipokuwa.

SN109 ilikuwa imepitwa ikiwa nyekundu mara 8 ndani ya miaka 6 kabla ya watu 31 kufa. Mara nane ile taa iliomba itazamwe.

Mimi nilisimamishwa kazi siku kumi na nne, na nilizihesabu moja moja. Tulipokwenda na wachunguzi eneo lile usiku, kwa treni, tukaona kwamba matawi ya mwarobaini yalikuwa yameikinga taa mpaka ukaribie kama mita mia mbili hivi. Nilipoulizia kwa wenzangu, wawili wakanifuata pembeni, kila mmoja kwa wakati wake. Wote waliwahi kuipita. Wote walirudi nyuma polepole wakanyamaza.

Wiki iliyofuata alitumwa mtu na panga.