Jinsi ya kupima kazi ambazo sheria imezitengea taaluma fulani

Swali "uwakili umebanwa kiasi gani?" hujibiwa kwa hisia. Swali "nani anaruhusiwa kuandika hati ya kuhamisha kiwanja, tena kwa malipo?" halijibiki bila kufungua sheria. Kipimo cha kazi zilizotengwa kisheria kinajengwa kwa maswali ya aina ya pili, kwa hiyo kwenye jedwali lako kila mstari uwe kazi moja. Jina la taaluma liwe safu tu.

Kukusanya maandishi

Anza na sheria ya taaluma yenyewe, kisha kanuni zake, halafu sheria za jirani. Hizi za jirani ndizo wengi huzisahau. Mfano wa Kenya: ulazima wa kampuni kuwa na katibu aliyesajiliwa unatoka kwenye Sheria ya Makampuni ya 2015, na ukisoma sheria ya makatibu peke yake hutauona. Tafuta pia fomu za halmashauri, masharti ya zabuni na miongozo ya mamlaka za kodi. Fomu ya kibali cha ujenzi inayodai muhuri wa msanifu majengo imeshatenga kazi, hata kama sheria mama imenyamaza.

Maandishi yanapatikana bure kwenye tovuti za Kenya Law na TanzLII, zinazohifadhi sheria za Kenya na za Tanzania. Kwa Tanzania, andika kwenye kila mstari umetumia toleo gani la urekebu, yaani sheria zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake: 2002, 2019 au 2023. Namba za vifungu huhama kati ya toleo na toleo, na mtu anayekagua kazi yako kwa toleo jingine atadhani umebuni.

Kutafuta kitenzi kilichokatazwa

Sheria nyingi za taaluma zina kifungu cha tafsiri kinachoeleza taaluma kwa mapana: kusanifu, kushauri, kusimamia, kukagua. Hicho hakijatenga chochote. Nenda kwenye kifungu cha makosa na adhabu, usome ni kitendo gani hasa kinampeleka mtu asiyesajiliwa mahakamani. Mara nyingi utakuta kosa ni kujiita tu. Sheria ya Kenya ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi (wanaokadiria gharama za ujenzi), Sura ya 525, inakataza kufanya kazi chini ya jina lenye maneno hayo bila usajili. Huo ni ulinzi wa jina, nao ni tofauti kabisa na kukataza watu wengine kuchora ramani ya nyumba.

Linganisha na kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16. Hapa vitendo vimetajwa: kuandaa hati za uhamisho wa mali, hati za kuunda kampuni yenye dhima yenye ukomo, mikataba ya ubia na ya kuuvunja, hati za mirathi, hati za mashauri. Hiyo ni mistari mitano. Wa sita una mtego: hati yoyote ambayo ada yake imepangwa kwa amri ya Jaji Mkuu chini ya kifungu cha 44. Usiuandike kama mstari mmoja ukapita. Fungua amri ya ada za mawakili, orodhesha hati zilizomo, ondoa zinazojirudia. Atakayeruka hatua hii ataukuta uwakili wa Kenya mlegevu kuliko ulivyo.

Kisha soma misamaha. Kifungu hichohicho kinamwacha mtumishi wa umma anayeandaa hati katika kazi yake, na mwajiriwa wa wakili anayefanya kazi ndani ya ajira hiyo.

Kugawa kazi hadi isigawanyike tena

Hapa ndipo kipimo kinapoharibika zaidi, hasa kwenye afya. "Kuuza dawa" si kazi moja. Tanzania, duka la dawa baridi liliruhusiwa dawa zisizohitaji cheti cha daktari. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, yaliongezewa orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwemo baadhi ya antibiotiki, chini ya mtoa dawa aliyepata mafunzo maalumu ambaye si mfamasia. Ukiweka mstari mmoja tu wa "kuuza dawa", mageuzi hayo yote hayataonekana. Weka angalau mitatu: dawa zisizo za cheti, dawa za cheti zilizo kwenye orodha, na dawa za cheti zilizobaki.

Viwango vya fedha navyo hugawa mstari. Kampuni binafsi ya Kenya inalazimika kuwa na katibu pale tu mtaji uliolipwa, yaani ule ambao wanahisa wamekwisha kuulipia, unapofika shilingi milioni 5. Andika mistari miwili, juu ya kiwango na chini yake, kila mmoja na alama yake.

Kutoa alama

Ngazi tano zinatosha:

0 – yeyote anaweza kuifanya
1 – yeyote anaweza, ila jina la taaluma limelindwa
2 – taaluma mbili au zaidi zinagawana kazi hiyo
3 – taaluma moja, lakini kuna misamaha
4 – taaluma moja, bila msamaha

Zaidi ya hapo wasimbaji, yaani wanaotoa alama, huanza kubishana juu ya nusu alama. Watu wawili watoe alama bila kuoneana. Wakipishana kwenye zaidi ya mstari mmoja kati ya mitano, tatizo liko kwenye maelekezo yako. Yaandike upya kabla ya kuendelea. Ugomvi mwingi huwa kati ya 2 na 3.

Wastani mtupu hudanganya. Chukua taaluma ya mfano yenye kazi tano zenye alama 4, 4, 2, 1 na 0. Wastani ni 2.2. Sasa zipe uzito kwa sehemu ya mapato ya taaluma: asilimia 10, 5, 25, 40 na 20. Unapata 0.4 + 0.2 + 0.5 + 0.4 + 0, yaani 1.5. Kazi zilizobanwa sana ndizo zenye pesa kidogo. Chapisha namba zote mbili, maana uzito wa mapato ni makadirio na msomaji ana haki ya kuona wastani bila huo uzito.

OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linalojumuisha hasa nchi tajiri, lina kipimo chake cha kanuni za masoko, tangu 1998, chenye alama kutoka 0 hadi 6. Kuzidisha alama zako kwa 1.5 kunakupa upana uleule, lakini usizipange safu moja na zao: maswali si yaleyale.

Safu za pembeni

Matokeo ya kukiuka yaandikwe mbali na alama. Kuna faini kwa aliyeifanya kazi, na kuna hati kuwa batili, na haya hayaendi pamoja daima. Mwaka 2015, katika shauri la National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu iliandaliwa na wakili asiye na cheti cha mwaka huo. Kwa mteja, tofauti hiyo ni kubwa kuliko alama moja juu au chini.

Weka pia safu ya makatazo ya kinyume. Kwa miaka mingi Tanzania ilimzuia wakili kusimama mahakama ya mwanzo. Huwezi kuiita hiyo 0, kwa sababu 0 maana yake yeyote, naye wakili hayumo.

Wingi wa vishoka mtaani, yaani wanaofanya kazi hizo bila usajili, usikushushie alama. Kama una takwimu za mashtaka, zipe safu yake. Alama ya sheria ipime sheria.

Pitia jedwali kila Julai, sheria za fedha za mwaka mpya zikishaanza kutumika. Mstari uliobadilika usiufute: ufunge kwa tarehe, fungua mwingine chini yake.