Somo: Chagua eneo kabla ya kuchagua gari (kwa makuruta na askari wapya wa doria, Dodoma na Singida)

Vijana wengi wakitoka depo huniuliza kwanza namna ya kumdhibiti dereva mbishi. Lakini dereva mbishi unamwona, unaongea naye. Ninayemhofia mimi ni yule wa gari jingine kabisa, anayekuja mgongoni kwako wakati wewe umeinamia leseni. Kwa hiyo somo hili litakaa sana kwenye eneo la kusimamishia magari. Mengine nitayapitia haraka.

Hatua ya 1: Kabla ya kutoka kituoni

Kagua matairi, taa, king'ora, pembetatu na sanduku la huduma ya kwanza. Jaribu redio ukiwa bado kituoni, usisubiri ufike Mtumba ndipo ugundue haishiki. Kizibao cha kuakisi mwanga kivaliwe hata mchana. Kubaliana na mwenzako nani ataongea na dereva na nani atalinda, la sivyo mtajikuta wote wawili mko dirishani.

Hatua ya 2: Eneo

Hapa tulieni. Nje ya makazi, mwisho wa basi na lori ni kilomita 80 kwa saa, na kwa mwendo huo gari linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja kukuona, mita 22 zimekwisha kabla mguu haujagusa breki, na lori lenye mzigo ndiyo kwanza linaanza kutafuta pa kusimamia. Mimi nataka askari aonekane kuanzia mita 200, pande zote mbili. Kwenye kona hapana. Nyuma ya kilima hapana. Chini ya mteremko hapana kabisa: malori yanayoshuka kutoka Manyoni kuja Kintinku yanaweza kufika chini breki zikiwa zimepata moto, na wewe utakuwa unamnyooshea mkono mtu asiyeweza kusimama hata akitaka.

Halafu kuna jua, ambalo wengi hawalifikirii. Barabara ya Singida inatoka mjini kuelekea magharibi. Jioni, dereva anayetoka Nala kwenda Bahi jua linampiga usoni, na kioo chake kimejaa vumbi; anachoona ni mwanga mtupu. Ukisimama ukingoni saa kumi na mbili hiyo, kwake wewe haupo. Muda huo shughulika na magari yanayoingia mjini, ambayo jua liko nyuma yao, au subiri lizame. Asubuhi geuza, kwa sababu wanaoingia mjini ndio wanaopofushwa.

Pembezoni pawe na nafasi ya kutosha lori zima, pamoja na tela lake, kutoka kwenye lami.

Na hili la kujificha kichakani kisha kuchomoka ghafla, mimi siliungi mkono. Askari wa tochi, ile ya kupimia mwendo, akae pake, apige picha, aitume kwa simu kwa wenzake walio mbele, na hao walio mbele waonekane waziwazi. Dereva aliyeshtuka anakata usukani, na huwezi kujua ataukata upande gani.

Hatua ya 3: Kusimamisha

Simama ukingoni, nje ya njia ya magari. Nyanyua mkono, kiganja kikimwelekea dereva, kisha mwonyeshe pa kuegesha. Akikaidi, usimzuie kwa mwili wako. Soma namba, rangi na aina ya gari, wape wenzako wa mbele kwa redio. Lami ya kwenda Singida ni moja, atapita Bahi tu.

Kama umemfuata kwa gari la doria, mpe muda wa kutafuta sehemu nzuri. Egesha mita kama tano nyuma yake, gari lako likiwa limetokeza kidogo upande wa kulia, ili likukinge unapopita kushoto.

Hatua ya 4: Kusogelea

Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo dirisha la dereva liko upande wa barabara. Ukisimama pale, magari yanakupita karibu na mgongo. Nenda dirisha la kushoto, la abiria. Kabla hujafika, toa taarifa redioni: mahali ulipo, namba ya gari, wamo watu wangapi. Mwambie dereva azime injini na avute handbreki. Simama nyuma kidogo ya mlango, ili usipigwe nao ukifunguliwa ghafla, na utazame mikono kabla ya sura.

Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo mengi yana usukani kushoto, kwa kuwa huko wanaendesha kulia. Hapo dereva mwenyewe yuko upande wako salama. Ngazi ya lori usiipande. Wala usipite katikati ya magari mawili yaliyosimama, hata kama unataka kusoma namba tu.

Usiku, kurunzi ishike kwa mkono usioutegemea.

Hatua ya 5: Kuongea na kuachana

Salimia, jitaje, sema sababu. "Habari za safari, dereva. Mimi ni konstebo wa usalama barabarani. Hapa mwisho ni hamsini, wewe umepita na sabini na mbili. Naomba leseni." Basi. Usimuulize kama anajua kosa lake; swali hilo linapandisha hasira bure. Ukimaliza, mlinde mpaka aingie barabarani salama.

Maswali ya wanakikundi

Kuruta, Kondoa: Afande, bodaboda akinipita hana helmeti, naweza kumshika shati?

Hapana, kijana. Wala usimrushie kirungu. Akianguka na abiria wake, kosa la helmeti limegeuka kifo. Chukua namba, utamkuta kijiweni kwao.

Konstebo, Manyoni: Dereva mwanamke, usiku, peke yake, amewasha taa za tahadhari lakini hasimami. Anakimbia?

Tazama mwendo wake. Kama anaenda polepole, anatafuta kituo cha mafuta au mahali penye watu. Mfuate kwa utulivu, na ikibidi apekuliwe, apekuliwe na askari mwanamke, kwa staha. Hiyo ni sheria.

Kuruta, Dodoma mjini: Ukifungua leseni ukakuta noti ndani?

Usiiguse. Irudishe leseni ilivyo, sema kwa sauti mwenzako asikie: "Toa pesa yako, nipe leseni peke yake." Faini hailipwi mkononi, analipia kwa namba ya malipo. Akisisitiza, anatenda kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na hapo unamkamata kwa utaratibu.

Konstebo, Chamwino: Abiria wa basi wananirekodi kwa simu. Niwanyang'anye?

Waache warekodi. Ongea vilevile ulivyokuwa ukiongea, na macho yako yarudi barabarani, maana basi likisimama abiria hushuka ovyo na kuvuka bila kutazama. Mwambie kondakta awazuie mlangoni mpaka umalize.