Sindano ikikosea tundu moja

Umekaa barazani Langoni, mjini Lamu, unashona kofia. Sindano inakosea tundu moja, na hapo hapo moyo unakwambia: "Mimi sifai kitu." Kosa ni la tundu, hukumu ni ya maisha mazima.

Chukua daftari uyaandike maneno hayo kama yalivyokuja. Usiandike "nilijihisi vibaya", maana hilo halipimiki. Pembeni weka namba kati ya 0 na 100: unayaamini kiasi gani? Tuseme 90. Kisha chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika yanayoyathibitisha, kulia yanayoyakanusha, na yote yawe mambo ambayo hata jirani angeyaona: kofia ngapi umezimaliza tangu Ramadhani, nani amerudi kuagiza nyingine. "Watu wananidharau" si ushahidi, ni wazo jingine limevaa kanzu ya ushahidi.

Wengi hukwama kulia, kwa kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hufanya mazuri yasikumbukike upesi. Ukikwama, andika ambalo ungemwambia shoga yako angekosea tundu lilo hilo. Mwisho tunga sentensi ya kweli: "Nimekosea mshono mmoja, nitaufumua." Rudi kwenye namba. Ikishuka kutoka 90 hadi 60, inatosha kwa leo.

Usirukie "mimi ni hodari kuliko wote". Moyo hausadiki, nawe utajilaumu hata kwa kutosadiki. Wala usibishane nao kimoyomoyo bila kalamu. Wazo huzunguka tu mpaka alfajiri.

Wasiwasi una namna yake, kwa sababu unasema ya kesho, na ya kesho hayana ushahidi. Kusi imechafuka, mume yuko baharini, moyo unasema "hatarudi". Hapa gawa ukurasa kwa njia nyingine: ninaloweza kufanya sasa, na lisilo mikononi mwangu. Kumpigia nahodha ni la kwanza, upepo ni la pili. Fanya la kwanza. Mengine yatengee dakika 15 baada ya alasiri, si karibu na kulala. Yakija saa nne usiku, andika neno moja tu, uyaache hadi muda wake.

Kuna watakaosema dua pekee yatosha. Dua na daftari havigombani. Omba, kisha andika. Dakika 10 kila siku, kwa wiki kadhaa, ndipo mkono huzoea.

Daftari lina mpaka wake. Huzuni au kutofurahia chochote kukidumu karibu kila siku kwa wiki 2, huku usingizi au chakula kimeharibika, nenda hospitali: King Fahd kwa wa Lamu, ya kaunti ndogo kwa wa Malindi. Ukisikia sauti masikioni kama ya mtu anayesema na hayupo, nenda pia, hilo si la daftari. Na moyo ukikwambia ufe, mwite mtu akae nawe sasa hivi, mpe dawa na kamba zilizomo nyumbani aziondoe, mwende pamoja siku hiyo hiyo.