Kabla hujaanza dayati, kaa nikupime kiuno

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Ngamiani, Tanga. Daftari langu la vipimo limefikisha miaka kumi na tisa, na kila mteja ana ukurasa wake: kifua, kiuno, nyonga, urefu, tarehe. Sikusomea lishe. Ila ukimpima mtu kiuno kabla ya kichen pati, ukampima tena wiki ya harusi, na mara ya tatu anapokuja kushonesha gauni la arobaini ya mtoto, unaijua dayati iliyodumu na iliyokuwa ya picha tu.

Mteja akija na "fundi, nipunguzie hili, mwenzio nimepungua," sikati kitambaa. Nakiingiza ndani, napiga mshono mpya, na inchi mbili za akiba zinalala humo humo. Wengi hurudi baada ya miezi minne mitano nifumue. Wanakuja na aibu, na mimi najifanya sikumbuki.

Sasa kila wiki naulizwa: fundi, katika hizi dayati, ipi nzuri? Hivi ndivyo ninavyoipima moja moja.

Kwanza acha mizani, shika tepu. Kiuno cha gauni hupimwa pale palipo pembamba, lakini hicho si kiuno cha afya. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, tafuta na mfupa wa nyonga, kisha zungusha tepu katikati yake. Toa pumzi ya kawaida. Usivute tumbo! Wanawake kumi nikiwapima, wanane huvuta, nami husubiri waishiwe pumzi ndiyo nisome. Halafu gawa urefu wako kwa mbili. Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya afya, unashauri kiuno kisifike nusu ya urefu, maana mafuta ya tumboni ndiyo yanayoandamana na kisukari na maradhi ya moyo. Mimi nina futi tano na inchi mbili, yaani inchi 62, kwa hiyo natakiwa niwe chini ya 31. Siku nilipoanza dayati yangu ya kwanza nilikuwa na 41. Iandike, weka na tarehe.

Pili, andika dayati hiyo inakutoa nini sahanini, na ni nani atakayepika hicho inachokubakishia. Hapo ndipo keto iliponishinda.

Keto inaondoa karibu wanga wote: ugali, wali, chapati, mihogo, viazi, hata embe. Kwa siku unabakiwa na gramu 20 hadi 50 za wanga, na bakuli moja la wali linatosha kuzimaliza. Haikuanzia kwa maharusi. Ilitengenezwa Marekani miaka ya 1920, kwa wagonjwa wa kifafa. Faida yake nimeiona mwilini mwangu, siwezi kuikana: njaa ilipungua, nilikuwa nashona hadi saa tisa alasiri bila kuwaza andazi. Wenye kisukari cha ukubwani pia sukari yao hushuka upesi wakipunguza wanga. Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu, nikamtangazia kila aliyepita barazani.

Kumbe nyingi zilikuwa maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikana na kama gramu tatu za maji. Ukiacha wanga, akiba inatumika na maji yanakwenda msalani. Siku utakayorudia wali, yanarudi. Basi mtu akikwambia amepunguza kilo nne kwa siku saba, mpongeze, lakini usinunue gauni.

Kero zenyewe zilikuwa hizi: kichwa kuuma siku nne za mwanzo, choo kigumu, na mdomo kunuka kama matunda yaliyochacha, nami kazi yangu ni kumsogelea mtu uso kwa uso nikimpima kifua. Wengine lehemu mbaya (kolesteroli) hupanda, kwa hiyo ipimwe damu kabla na baada. Mwenye maradhi ya figo au anayetumia insulini asiiguse bila daktari wake. Lakini kilichonivunja ni sufuria. Watoto wanakula wali na maharage, mimi nakaangiwa mayai na parachichi. Trei moja la mayai lilikuwa halimalizi wiki. Yalikuwa mapishi mawili na matumizi mara mbili, na mdogo wangu wa mwisho akiniuliza, "Mama, kwani wewe mgeni?" Nilidumu wiki kumi na moja. Kiuno kilifika 37. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani na mihogo yake ya nazi, sikuhesabu tena.

Kufunga kwa saa ni habari nyingine. Unakula ndani ya saa nane, unakaa saa 16 bila kitu. Wengine hufuata ile ya siku tano kwa mbili: siku tano unakula kawaida, siku mbili unakula kidogo sana. Uzuri wake ni kwamba haina gharama wala chakula cha ajabu, unakula kilekile cha nyumbani. Sisi watu wa mwambao tena tumezoea, Jumatatu na Alhamisi za suna zipo tangu hapo.

Ila daftari langu lina ushahidi mwingine. Nguo za Idi huwa napima Shaabani. Mfungo wa ishirini na tano watu wanakuja kujaribu, na kila mwaka zipo zinazobana! Mtu amefunga mwezi mzima, lakini magharibi kuna uji wa sukari, tambi, kaimati, viazi vya nazi, na daku juu yake. Kumbe kinachopunguza ni jumla ya ulichokula ukihesabu futari na daku, na saa ulizokaa na njaa hazifuti kaimati. Kama wewe ni mtu wa kulipiza kisasi ukifungua kinywa, dayati hii itakunenepesha.

Na ina hatari niliyoishuhudia kwenye benchi langu mwenyewe. Mama yangu ana kisukari, anameza glibenclamide. Alisikia kwa jirani habari za saa 16, akaruka chai ya asubuhi, kidonge akameza kama kawaida. Dawa ile hulisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala. Saa tano alikuwa ananishikizia vifungo. Sindano ikamponyoka mara mbili, nikadhani ni macho. Alipoanza kuniita kwa jina la marehemu dada yangu ndipo nikamtazama vizuri: jasho jembamba, mikono inatetemeka. Nilikimbilia duka la pili nikarudi na soda yenye sukari, nikamnywesha. Baada ya kama robo saa akaanza kunigombeza kwa nini nimemwaga soda kwenye kitenge cha mteja. Siku hiyohiyo daktari alimwambia anayetumia dawa ya namna hiyo au insulini asiruke mlo kabla dozi haijapangwa upya. Mjamzito na anayenyonyesha nao wasijaribu.

Dayati ya nchi za Mediterania wateja wangu wanaidharau kwa sababu haina miujiza. Mmarekani Ancel Keys ndiye aliyeipa umaarufu, baada ya kuwachunguza watu wa kisiwa cha Krete na kwingineko kuanzia mwaka 1958. Samaki, mboga za majani, kunde, karanga, nafaka isiyokobolewa, mafuta ya zeituni, nyama kidogo. Faida yake kubwa ni moyo na mishipa, kiuno kinafuata polepole. Ubaya wake kwetu ni ile chupa ya zeituni, bei yake inalingana na gauni moja la kushona. Mimi sinunui. Nachukua sehemu nyingine yote, maana ipo sokoni: changu, dagaa, choroko, mchicha, dona badala ya sembe. Tatizo letu hapa ni tui. Tunapika kisamvu, chakula safi kabisa, tukakizamisha kwenye nazi mbili. Jaribu nusu nazi uone kama kuna atakayegundua.

Ukiwa na presha, tafuta inayoitwa DASH, iliyojaribiwa Marekani na kutangazwa mwaka 1997. Inafanana na hiyo ya Mediterania, ila inashikilia chumvi, na matunda na mboga ni nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo ndani ya ng'onda, papa mkavu na vile vidonge vya supu. Kwa mtu wa Tanga hapo pana jihadi.

Wanaoacha nyama, samaki, mayai na maziwa yote kwa pamoja: sawa, maharage yapo, lakini vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, mtafute vidonge. Na ile chai ya kupunguza tumbo yenye sanamaki ndani ni ya kuharisha tu. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chapati yako imeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Unapoteza maji, madini na fedha.

Sasa kuchagua. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa utafiti wa watu 609 kwa mwaka mzima, nusu walipunguza mafuta, nusu wanga. Wastani wa makundi yote mawili ulikuwa kilo tano hadi sita, tofauti haikuwa ya maana. Lakini ndani ya kila kundi wapo waliopungua zaidi ya kilo 20, na wapo walioongezeka. Kwa hiyo usiniulize jirani ilimfaa vipi. Chukua dayati unayoitamani, kisha jiulize: Idi ijayo, kwenye sinia la pamoja, nitakula nini? Nikiishiwa fedha tarehe 20, inaendelea? Dawa ninazomeza zinakubaliana nayo? Ukikwama kwenye moja, iache hata kama shoga yako imempendeza.

Ukishaichagua, ipe wiki kumi na mbili, ujipime kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla hujala, pale pale kati ya ubavu na nyonga. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Nusu inchi ikipungua kwa mwezi, mimi nafurahi.

Mimi sasa nakula cha sufuria moja na wanangu, wali nimeupunguza hadi ngumi moja, mboga nimeongeza, soda nimeiacha, na baada ya saa moja usiku sili. Mwezi huu daftari linasema 35 na nusu. Gauni langu la lesi nimelipunguza jana. Akiba sijaikata.